Gari Likishahesabiwa Kuwa Hasara Kamili: Madai, Mabaki na Gari Linalofuata

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wageni waalikwa, ndugu washiriki,

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wetu hulijua nusunusu hadi siku linapotufika. Gari limegongwa, limeungua au limezama. Kampuni ya bima imetuma mtu wake kuliangalia. Na baada ya siku kadhaa mwenye gari anapokea barua fupi inayomwarifu kwamba gari lake limehesabiwa kuwa hasara kamili. Barua hiyo ikishafika, mazungumzo hayahusu tena fundi, rangi wala vipuri. Yanahusu fedha, na fedha hizo ndizo zitakazoamua mtu huyo ataendesha nini mwezi ujao, au kama ataendesha kitu chochote. Nimefanya kazi ya madai ya bima kwa miaka mingi nikiwa upande wa ofisi, na nitakayoyasema leo yanatoka upande huo wa meza. Hoja yangu ni moja: kampuni ya bima haikurudishii gari, bali inakulipa thamani ambayo gari lile lilikuwa nayo muda mfupi kabla ya ajali, na thamani hiyo si jambo la huruma wala la mamlaka, ni jambo la ushahidi ambao mwenye gari ana uwezo wa kuukusanya kuliko mtu mwingine yeyote.

Nianze na jinsi uamuzi wenyewe unavyofikiwa, maana hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Watu hudhani kwamba hasara kamili ni gari lililopondeka hata halitambuliki. La hasha. Nimeona magari yaliyotembea kwa nguvu zake yenyewe hadi uwanja wa ukaguzi, taa zikiwaka na redio ikiimba, yakaandikwa hasara kamili siku hiyo hiyo. Uamuzi huo ni wa hesabu, si wa macho. Chukueni gari lililokuwa na thamani ya 100 kabla ya ajali. Nasema 100 bila kutaja fedha ya nchi yoyote, ili kila mmoja aweke tarakimu zake. Gereji inakadiria matengenezo kuwa 65. Mwenye gari anaona kwamba 65 ni chini ya 100 na anauliza, kwa haki kabisa, kwa nini lisitengenezwe. Lakini mabaki ya gari hilo yakiuzwa kama yalivyo yanaweza kuleta 40. Kampuni ikilipa 100 na kuuza mabaki kwa 40, itakuwa imetoa 60 tu. Ikitengeneza, itatoa 65, na bado haijui kama fundi akishafungua bonati hatakuta uharibifu mwingine ambao makadirio ya kwanza hayakuuona. Ndiyo maana gari zee huandikwa hasara kamili kwa ajali ndogo, kwa kuwa thamani yake yenyewe ni ndogo, na ndiyo maana gari jipya lenye mifuko ya hewa iliyofumka, kamera zilizofichwa ndani ya bampa na vihisi kila pembe linaweza kuwa hasara kamili hata kama bati lake limekunjwa kidogo.

Wazo hili halikuanza na magari. Sheria ya Bima ya Baharini ya Uingereza ya mwaka 1906 ilikwisha kutofautisha hasara kamili halisi, ambapo chombo kimeangamia, na hasara kamili ya kihesabu, ambapo chombo bado kipo lakini gharama ya kukiokoa au kukitengeneza ingeipita thamani yake. Magari yamerithi mgawanyo huo, ingawa kila nchi imeweka mstari wake. Nchini Marekani kila jimbo lina sheria zake: Florida hulihesabu gari kuwa hasara kamili gharama ya matengenezo ikifika asilimia 80 ya thamani yake, wakati Texas husubiri hadi ifike asilimia 100. Uingereza, tangu Oktoba 2017, hutumia makundi manne ya herufi: A kwa gari la kusagwa lote, B kwa gari ambalo baadhi ya vipuri vyake vinaweza kutumika lakini bodi yake lazima isagwe, S kwa gari lililoumia kwenye kiunzi na linaweza kutengenezwa, na N kwa lile ambalo kiunzi chake hakikuguswa. Nayataja haya ili mfahamu kwamba barua ya hasara kamili ina msingi unaoweza kuulizwa. Mna haki ya kuuliza: makadirio ya matengenezo yalikuwa kiasi gani, mabaki yamethaminiwa kiasi gani, na ni kanuni ipi iliyotumika. Mara chache majibu yatalirudisha gari gereji, lakini tarakimu hizo zitawafaa baadaye, kama nitakavyoeleza.

Sasa tuingie kwenye kanuni ambayo bima yote ya mali imesimama juu yake. Mwaka 1883 mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Castellain dhidi ya Preston. Mwenye nyumba alikuwa amekubaliana kuiuza; kabla mauzo hayajakamilika, nyumba ikashika moto; kampuni ya bima ikamlipa; kisha mnunuzi naye akalipa bei yote kama walivyokubaliana. Mahakama ilisema kwamba mwenye nyumba hawezi kubaki na malipo ya pande zote mbili, kwa sababu mkataba wa bima ni wa kumrejesha mtu pale alipokuwa, si wa kumfanya apate faida kutokana na hasara. Mkiielewa kesi hiyo, mambo mengi yanayowaudhi watu katika madai ya gari yanaeleweka: kwa nini hulipwi bei uliyonunulia, kwa nini kampuni inachukua mabaki, na kwa nini inayo haki ya kumfuata dereva aliyekugonga baada ya kukulipa wewe.

Hapa kuna dhana potofu ninayokutana nayo karibu kila wiki. Mtu anaonyesha hati yake ya bima iliyoandikwa kiasi fulani na kusema, "Hiki ndicho nilichokatia, na hiki ndicho ninachodai." Katika mikataba mingi kiasi hicho ni dari tu. Kampuni italipa thamani ya soko ya gari siku ya ajali, na haitavuka dari hiyo. Kama umeandika 100 miaka mitatu mfululizo bila kupunguza, na soko sasa linasema 70, utalipwa 70, na ada uliyolipa kwa zile 30 za ziada imekwenda bure. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Ukiandika 80 kwa gari la 100 ili ada ipungue, kwenye hasara kamili hutavuka 80. Na kwenye hasara ya sehemu, mikataba mingi inaruhusu kampuni ilipe kwa uwiano huo huo, kwa hiyo uharibifu wa 40 utalipwa 32 na nane iliyobaki ni yako. Ipo mikataba ya aina nyingine, ambamo pande mbili hukubaliana thamani tangu mwanzo na hiyo ndiyo inayolipwa. Hutumika hasa kwa magari ya kale na magari adimu yasiyo na soko la kawaida. Ipo pia mikataba inayoahidi gari jipya kwa gari jipya, iwapo hasara itatokea ndani ya kipindi kifupi tangu gari linunuliwe, mara nyingi mwaka wa kwanza. Someni wenyewe mnayo ipi. Wakala aliyewauzia bima anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini siku ya madai kinachosomwa ni mkataba, si maneno yake.

Kuhusu siku za mwanzo nitasema machache, kwa kuwa mengi yanajulikana. Toa taarifa kwa polisi na kwa kampuni mapema, kwa maandishi. Piga picha za gari pande zote, mita ya kilomita ikiwemo. Usimkirie mtu yeyote kosa barabarani wala usitie saini makubaliano ya pembeni na dereva mwenzako, kwa maana makubaliano hayo yanaweza kuiondolea kampuni yako haki ya kumdai, na ikaondoa nayo haki yako ya kulipwa. Uliza gari limehifadhiwa wapi na ni nani anayelipia hifadhi hiyo. Gharama za kuvuta na kuhifadhi gari huongezeka kila siku, na kampuni inaweza kukataa kuzilipa kwa siku ambazo wewe ndiye uliyechelewesha kuruhusu gari lihamishwe. Kabla halijahamishwa, toa vitu vyako vyote, hata vile vya chini ya viti, na ufute simu yako, anwani na safari zako kwenye kioo cha redio. Gari litauzwa kwa mtu usiyemjua pamoja na kila kitu kilichobaki kwenye kumbukumbu yake. Na kama gari lina mkopo, endelea kulipa marejesho hadi benki ithibitishe kwa maandishi kwamba deni limefungwa. Benki haikuwamo kwenye ajali. Kwake, mwezi uliokosa kulipa ni mwezi uliokosa kulipa.

Nitakaa zaidi kwenye thamani, kwa sababu hapo ndipo mwenye gari anaweza kubadilisha matokeo.

Kampuni itatuma mkadiria hasara, au itatumia mfumo wa kompyuta unaokusanya bei za magari yanayofanana na lako, kisha italeta ofa. Watu hufanya kosa la kuijadili ile tarakimu ya mwisho. Jadili tarakimu zilizoizaa. Omba ripoti ya uthamini yenyewe, kurasa zote, uisome kama unavyosoma matokeo ya mtihani wa mwanao. Je, wameandika toleo sahihi la gari? Magari ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kuachana sana kwa bei kutokana na ukubwa wa injini, aina ya giabox, kama linavuta kwa magurudumu manne au mawili, na vifaa lilivyotoka navyo kiwandani. Je, kilomita walizoandika ndizo zilizosomeka kwenye mita? Je, wamekata thamani kwa kile wanachokiita hali ya gari, na wamekiona wapi, ikiwa walilikuta limeshapondeka? Magari waliyolilinganisha nalo ni ya mwaka ule ule, yako soko lile lile, na yanapatikana kweli? Katika kazi yangu nimeona ofa zikipanda si kwa sababu mteja alipandisha sauti, bali kwa sababu alionyesha kwamba mstari wa saba wa ripoti ulitaja injini ambayo gari lake halikuwa nayo.

Baada ya kusahihisha ripoti yao, lete ushahidi wako. Matangazo matatu ya magari yanayofanana kweli na lako, yenye tarehe, bei, mwaka na kilomita, yana uzito kuliko kurasa kumi za malalamiko. Tahadhari moja: bei inayotangazwa si bei inayolipwa, na mkadiria mzoefu atakukumbusha hivyo; lakini ukipata uthibitisho wa gari lililouzwa, una silaha bora. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mahali usemi huo unaposadikika kuliko kwenye madai ya gari. Aliyeweka stakabadhi za matengenezo, kumbukumbu za ukaguzi na picha za gari likiwa zima ana cha kusema. Hata hivyo, niwe mkweli kuhusu stakabadhi hizo, kwa sababu zinaleta matumaini makubwa kuliko zinavyostahili. Kubadilisha mafuta, breki na mkanda wa injini ni matunzo ambayo soko linayategemea kwa gari lolote zima. Hayaongezi thamani, yanaizuia isishuke. Matairi mapya, injini iliyobadilishwa karibuni au kifaa cha gharama kilichofungwa vinaweza kuongeza kitu, lakini si kwa kiasi chote ulichotumia. Na kifaa ulichofunga mwenyewe bila kukitaja kwenye hati ya bima huenda kisihesabiwe kabisa; tena, mabadiliko makubwa ya gari ambayo kampuni haikuarifiwa yanaweza kuyatia shaka madai yote.

Andika barua. Itaje ofa yao, onyesha kosa moja baada ya jingine, ambatisha ushahidi, taja kiasi unachokiona ni haki na jinsi ulivyokifikia, na uombe jibu kwa maandishi ndani ya muda fulani. Simu inafaa kwa kuulizia hatua iliyofikiwa, si kwa kujadili thamani. Ikiwa bado hamkubaliani, angalia kama mkataba una kipengele kinachoruhusu kila upande kuteua mthamini wake na mthamini wa tatu kuamua kati yao. Kipo katika mikataba mingi na watu hawakitumii, pengine kwa sababu kimeandikwa kwa herufi ndogo, pengine kwa sababu kina gharama. Pima gharama hiyo dhidi ya tofauti mnayogombania. Juu yake kuna msuluhishi wa migogoro ya bima au mamlaka inayosimamia bima, na mwisho mahakama. Uliza pia kama unaweza kupokea kiasi ambacho kampuni haikipingi huku mkiendelea kujadili kilichobaki. Siyo kila kampuni itakubali, ila kuuliza hakukuondolei haki yoyote.

Ofa ikishakubalika, kiasi kitakachofika mkononi bado si hicho. Kitakatwa eksesi, yaani ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unakutaka uibebe mwenyewe. Kama ulikuwa unalipa ada kwa awamu, awamu zilizobaki za mwaka zinaweza kukatwa zote kwa pamoja, kwa hoja kwamba kampuni imekwisha kutimiza wajibu wake wote wa mwaka huo. Kama unabaki na gari lililoharibika, thamani ya mabaki itakatwa. Na kama gari lina mkopo, benki hulipwa kwanza.

Hapo kwenye mkopo pana shimo ambalo wengi huliona wakiwa wameshaingia. Gari hushuka thamani haraka zaidi katika miaka yake ya mwanzo, na deni la mkopo mrefu hupungua polepole katika miaka hiyo hiyo, kwa kuwa marejesho ya mwanzo huliwa zaidi na riba. Tuseme thamani siku ya ajali ni 75 na deni ni 90. Eksesi ikiwa 5, kampuni italipa 70, zote zitakwenda benki, na mwenye gari atabaki bila gari huku akidaiwa 20. Katika nchi kadhaa kuna bima ya ziada inayoziba pengo hilo, na anayenunua gari jipya kwa mkopo mrefu na kianzio kidogo ana sababu nzuri ya kuiulizia. Aliyetanguliza kianzio kikubwa huenda haihitaji. Kwa maoni yangu, suluhisho bora zaidi ya bima hiyo ni kutochukua mkopo ambao muda wake unakaribia uhai wa gari lenyewe, ingawa natambua kwamba si kila mtu ana nafasi ya kuchagua.

Ikiwa kosa lilikuwa la dereva mwingine, una njia mbili, nazo hazifanani. Unaweza kudai kwenye bima yako kubwa, yaani ile inayolipia pia gari lako mwenyewe, ulipwe mapema zaidi na eksesi yako ikatwe, kisha kampuni yako iingie katika nafasi yako na kumdai aliyekosa. Ikifanikiwa, uliza kuhusu eksesi yako, kwa sababu sehemu au yote inaweza kurudishwa, na wengi hawaulizi. Au unaweza kuidai moja kwa moja kampuni ya aliyekugonga, bila eksesi, ukadai na gharama za kuwa bila gari kwa muda ambao mkataba wako mwenyewe huenda usizilipie. Njia hii ya pili humtaka mdai athibitishe kosa, na huchukua muda mrefu pale upande wa pili unapobisha. Mwenye bima ndogo, ile inayomlinda mtu wa tatu peke yake, hana budi kuifuata. Kwa mwenye bima kubwa ambaye anahitaji gari ili aende kazini, mimi humshauri atangulize bima yake na aache kampuni zimalizane zenyewe.

Kabla ya malipo utaletewa hati ya kutia saini, ambayo inasema kwamba umepokea kiasi fulani kwa kuridhia kikamilifu na kwamba hutadai zaidi. Isomeni kila neno. Kama mna madai mengine yanayotokana na ajali hiyo hiyo, kwa mfano majeraha, vitu vilivyoharibika ndani ya gari au gharama za kuvuta gari mlizolipa wenyewe, hakikisheni hati inasema wazi kwamba inahusu thamani ya gari peke yake. Majeraha hasa yanahitaji uangalifu, kwa kuwa mengine huonekana wiki kadhaa baadaye. Hati ikishasainiwa, ni vigumu sana kuifungua tena.

Kuhusu mabaki, chaguo la kubaki nayo huvutia, hasa kwa mtu anayemfahamu fundi. Hapa ndipo ile tarakimu ya mabaki mliyoiomba mwanzoni inapofaa: ikiwa kampuni imeyathamini 40, utabaki nayo kwa kukatwa 40, na swali ni kama wewe ungeyanunua sokoni kwa bei hiyo. Ongeza gharama za matengenezo, ukaguzi utakaotakiwa kabla gari halijarudi barabarani, na ukweli kwamba usajili wake unaweza kubeba alama ya hasara kamili maisha yake yote, alama itakayoshusha bei ya kuuza na kuzifanya kampuni za bima zisite kulikatia bima kubwa. Kwa gari zee lililoharibika mwonekano tu, hesabu inaweza kukubali. Kwa gari lililopinda kiunzi au lililokaa majini, sijapata kuiona ikikubali. Na kama unayaachia mabaki, kabidhi funguo zote, toa kadi ya usajili, na hakikisha kwamba jina lako limeondolewa kwenye usajili wa gari hilo, usije ukapokea faini au mashtaka ya gari ulilodhani limekwisha kukatwa vipande.

Sasa gari linalofuata. Kipindi kati ya barua na malipo ni cha hatari kwa sababu mtu ana shida ya usafiri na wauzaji wanaijua shida hiyo. Kama mkataba unakupa gari la muda, uliza linaishia lini. Mara nyingi linaishia siku chache baada ya ofa kutolewa, si baada ya wewe kupata gari jingine. Tumia muda huo kutafuta, lakini usilipe kianzio kisichorudishwa kwa kutegemea fedha za bima ambazo kiasi chake hakijakubaliwa. Jambo jingine ambalo watu hulisahau ni kwamba fedha za thamani ya soko hununua gari la sokoni, pengine lenye kilomita sawa na za lile la kwanza, lakini hazijumuishi usajili, kodi ya uhamisho, ukaguzi na ada mpya ya bima, isipokuwa pale sheria au mkataba unapoelekeza hivyo. Ulizeni kama mnalipwa gharama hizo. Katika baadhi ya maeneo ni haki, na isipodaiwa huenda isitolewe.

Tena, anayetafuta gari lililotumika baada ya hasara kamili yuko katika soko lile lile ambamo magari ya hasara kamili huuzwa. Mabaki hununuliwa mnadani, hutengenezwa vizuri au vibaya, mengine huvuka mipaka ambako alama zao hazifuatwi, kisha husimama mbele ya mnunuzi yakiwa yamepigwa rangi safi. Linganisha namba ya shasi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye kadi na kwenye vioo. Tafuta historia ya gari kwa namba hiyo pale kumbukumbu zinapopatikana. Tazama mapengo ya milango kama yako sawa, rangi kama inatofautiana chini ya jua, nati za bonati kama zimefunguliwa, taa ya mfuko wa hewa kama inawaka na kuzimika inavyopasa unapowasha gari, na mikanda ya viti, ukiivuta hadi mwisho, kama ina tope au harufu ya maji yaliyokaa. Mlipe fundi asiye na uhusiano wowote na muuzaji alipandishe juu na kuliangalia chini. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kile anachokuepusha nacho.

Kabla ya kulipa, pata bei ya bima ya gari hilo hasa, maana mkataba wa zamani kwa kawaida humalizika pale hasara kamili inapolipwa, na haumfuati mwenye gari kwenye gari jipya. Punguzo mlilolipata kwa miaka ya kutodai linaweza kupungua au kuondoka, hata pale kosa lilipokuwa la mtu mwingine, ikiwa kampuni yenu haijarejeshewa fedha zake. Ulizeni hali ya madai hayo kabla ya kuhama kampuni. Na mnapojaza fomu mpya mtakuta swali linalouliza kama mmewahi kudai katika miaka iliyopita. Jibuni ndiyo, pamoja na tarehe, sababu na kiasi kilicholipwa, na ombeni kampuni ya zamani barua inayoyathibitisha hayo, kwa sababu jibu lisilo sahihi hapo linaweza kuipa kampuni mpya sababu ya kukataa madai yenu yatakayofuata, hata kama hayahusiani kabisa na ajali ya kwanza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimeelezwa kwamba baadhi ya washiriki wamekuja na barua za ofa walizokwisha kupokea. Ningependa muda uliobaki tuutumie kuzisoma hizo, tukianza na zile ambazo hati zake za kuridhia malipo bado hazijasainiwa.